Hapa ni jiwe tupu, sasa udongo wapimwa wa nini?

Mjomba aliposema hivo kwa kweli nilinyamaza. Tulikuwa tumesimama ndani ya ploti, mimi na yeye na kaka yangu, jua la saa tano lachoma, na ukitazama chini ni kweli, jiwe limetokeza kila mahali kama migongo ya kasa, matumbawe yale ya kijivu yenye vishimo vishimo ambayo ukianguka juu yake wachunika goti. Kati ya jiwe na jiwe kuna udongo mwekundu kidogo, vichaka, na mwarobaini mmoja mkubwa. Mjomba akagonga jiwe kwa ndara yake akasema, "Mwanangu, hapa ni jiwe tupu. Udongo wapimwa wa nini? Huo udongo wenyewe uko wapi?"

Sasa Mjomba si mtu wa kubishana naye ovyo. Ni fundi tangu mimi sijazaliwa, nyumba alizojenga hapa Malindi nikianza kuzihesabu sizimalizi, na hii tunayotaka kujenga ni ya mama, yaani ya dada yake wa toka nitoke. Hataki hata pesa kamili za ufundi, asema atachukua za vibarua tu. Kwa hivo kumwambia mtu kama huyo "Mjomba, tuite kwanza watu waje wapime ardhi" ni kama kumwambia macho yako siyaamini. Nililijua hilo na lilinikosesha usingizi kushinda hata hizo pesa zenyewe.

Naandika haya manake kuna wenzangu wengi wako pale pale nilipokuwa mimi miezi sita iliyopita. Ploti iko, pesa za msingi ziko au zakaribia, fundi yuko tayari na sururu, halafu mtu mmoja kwenye familia asema tupime ardhi na wengine wote wasema hizo ni pesa za kutupa. Mimi ndo nilikuwa huyo mtu mmoja.

Na sikuanza kwa kusoma mahali. Nilianza kwa ufa.

Nyumba ya mama ya kwanza, ambayo bado aishi ndani yake, ilijengwa na fundi mwengine si Mjomba, kwenye ploti tuliyouziwa tukaambiwa ni nzuri, imesawazishwa, haina hata jiwe. Mwaka wa kwanza ulitoka ufa juu ya mlango wa jikoni, mwembamba kama unywele. Fundi akaja akapiga plasta akasema ni plasta imekauka vibaya. Mwaka wa pili ukarudi palepale, na sasa ulikuwa wapanda kwa ngazi, ufuata jointi za mawe, jiwe hili, jiwe lile, mpaka kwenye ringibimu, ule mkanda wa zege ulio juu ya kuta. Mwaka wa tatu nilichukua sarafu ya shilingi 10 nikaisukuma kwa juu ikaingia yote, lakini kwa chini karibu na mlango haikuingia hata kidogo. Wakati ule sikujua maana yake. Sasa najua, ufa ukiwa mpana juu na mwembamba chini na umepanda kwa mshazari hivo, mara nyingi ni kwamba pembe ile ya nyumba yashuka na kujikata na nyumba iliyobaki. Mlango wa jikoni tuliuranda mara mbili ndo ufunge. Halafu haukufunga tena kabisa, mama akawa aufunga na kamba.

Ndo siku moja jirani yetu mmoja mzee, amekuja kumuona mama alipokuwa mgonjwa, akautazama ule ufa akasema kwa upole tu, "Hapa si palikuwa timbo?"

Timbo. Yaani palichimbwa mawe. Kwa wasiokuwa wa huku, haya mawe ya kujengea tunayoyaona yamepangwa barabarani hukatwa ardhini, wakata mpaka chini, na timbo likiisha mawe hubaki shimo, na shimo likiwa karibu na mji watu hutupa taka, makuti, mabati, udongo wa msingi wa mtu mwengine, vifuu, chupa, mpaka lijae. Likijaa lasawazishwa, majani yaota, na baada ya miaka 15 anayekumbuka ni mzee mmoja tu. Pembe ya jikoni ya mama ilikuwa juu ya timbo na nyumba iliyobaki ilikuwa juu ya mwamba. Nyumba haikatai kushuka, nyumba ikishuka yote pamoja kidogo wala hujui, kinachoivunja ni upande mmoja kushuka na mwengine kukataa.

Kwa hivo ploti hii mpya ilipopatikana, nje ya mji kidogo ukielekea Gede, nilishika neno moja tu, sijengi mpaka nijue chini kuna nini. Na kaka yangu naye akashika lake. Nilikuwa nimempigia mtu mmoja wa mambo haya akanitajia Sh 70,000 kwa kazi kamili, na kaka akatoa simu akapiga hesabu mbele yangu, akasema hiyo ni karibu mifuko 90 ya simiti, wewe wataka tuzike mifuko 90 ya simiti kabla hata hatujachimba?

Jamani, hesabu yake haikuwa na makosa. Na sisi si watu wa pesa, mimi ni mwalimu, yeye ana duka dogo la vipuri vya pikipiki. Nilikuwa na wiki mbili za kuamua.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba hata neno lenyewe lachanganya watu. Ukisema "survei" mtu afikiri wamtafuta yule wa kupima mipaka na kutafuta bikoni, na huyo ni muhimu pia, lakini kazi yake ni mipaka, chini hajui kuna nini. Ukisema "kupima udongo" wengine wakutuma kwa watu wa kilimo, kama pale KALRO Mtwapa, nao watakupima udongo wako wakwambie una tindikali kiasi gani na mahindi yako yahitaji mbolea gani. Shangazi yangu mmoja alifanya hivo kweli, akarudi na karatasi amefurahi kwamba udongo wake ni mzuri, ni mzuri kwa mihogo. Kipimo cha kujengea ni kitu chengine, swali lake ni hii ardhi yaweza kubeba uzito gani, yashuka kiasi gani ikibebeshwa, ikilowa yafanya nini, na maji yako wapi.

Jambo la pili ni kwamba ushauri mwingi watoka Nairobi. Binamu yangu ajenga Syokimau, akaniambia cha kwanza ondoa udongo mweusi wote mpaka ufike kwenye kitu kigumu, halafu jaza mawe na maramu. Kwake ni sawa kabisa. Ule udongo mweusi wa kule ukilowa wavimba na ukikauka wapasuka nyufa za kuingiza mkono, yaani msingi wasukumwa juu msimu huu na kuachwa hewani msimu ujao. Lakini hapa kwetu ufukweni udongo ule si shida yetu. Sisi shida zetu ni nyengine na mtu wa Nairobi hatakwambia.

Shida zetu ni kwamba ardhi yabadilika ndani ya hatua chache. Ukitaka kuiona hilo kwa macho enda Arabuko-Sokoke, ni hapa hapa tu. Kwenye mchanga mweupe ndo wakuta miti ya mirihi, ukienda upande wa magharibi mchanga wageuka mwekundu na miti yabadilika kabisa, msitu ni mmoja lakini chini ni nchi mbili. Ukivuka Sabaki wakutana na tope la mto lililoletwa na mafuriko ya miaka na miaka. Ukifika Marafa kule Nyari waona mvua imechonga mchanga na mawe laini mpaka bonde zima limekuwa nguzo na kuta nyekundu. Halafu karibu na bahari ni huu mwamba wetu wa matumbawe, na huu ndo wadanganya watu kushinda vyote kwa sababu ni jiwe, na nani ana wasiwasi na jiwe?

Mwamba huu ulikuwa baharini. Ni matumbawe yaliyokuwa hai zamani za zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo, halafu bahari ikashuka yakabaki nchi kavu. Ni chokaa hasa. Na chokaa yaliwa na maji ya mvua, pole pole, maelfu ya miaka, maji yapita kwenye ufa yaupanua, ufa wawa tundu, tundu lawa pango. Shimoni kule Kwale hata jina la mji limetokana na mapango. Na hapa hapa Malindi, ile nguzo ya Vasco da Gama, enda siku maji yamekupwa uteremke utazame kwa chini, uone bahari ilivyoutafuna mwamba ulioibeba. Kwa juu ni jiwe zima.

Haya yote nilimwambia Mjomba kwa heshima, jioni, baada ya chai. Akanisikiliza. Halafu akanipa jibu ambalo nadhani kila fundi mkubwa atakupa, na lataka kujibiwa sawasawa si kupuuzwa. Akasema, wazee walijenga Gede, na msikiti na jumba la mfalme kuta zake zasimama mpaka leo, walijenga Lamu ghorofa mbili tatu, nani alipima udongo?

Nililala na swali hilo siku mbili. Na jibu nililopata ni hili, na naliamini. Wazee walijenga kwa chokaa. Kuta za Lamu ni nene, nusu mita hivi, mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hukauka pole pole na ni laini kidogo, ukuta ukishuka sehemu chokaa yajinyoosha nayo, ufa watokea mdogo wapigwa lipu maisha yaendelea. Vyumba vyenyewe vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali. Sisi leo twajenga kwa bloki na simiti, ukuta nusu ya ule au chini, sebule pana, slabu juu yake. Simiti ni ngumu lakini haina huruma, haipindi, ikilazimishwa yavunjika. Kwa hivo nyumba zetu zahitaji ardhi iliyotulia kushinda nyumba zao. Na pengine wazee walipima kwa njia yao, manake walikaa mahali vizazi na vizazi wakijua wapi pana pango na wapi pana kisima, mimi nimenunua ploti kwa mtu aliyenunua kwa mtu.

Mjomba hakusema nimeshinda. Alisema tu, "Haya. Lakini usianze na hao wa elfu sabini. Anza na mimi, tuchimbe mashimo kwanza."

Na hapo ndo naomba mtu anisikilize vizuri, kwa sababu hili ndo sikulijua, nilifikiri ni ama walipa kazi kamili ama wajenga ukiomba Mungu. Kuna katikati. Nilipata injinia mmoja kupitia kwa mwalimu mwenzangu, ana usajili wake wa Engineers Board niliuangalia, na yeye alinipa maneno yale yale ya Mjomba karibu neno kwa neno. Akasema chimbeni mashimo kwanza, matatu au manne, kwenye pembe za nyumba na pale patakapokuwa na uzito, mashimo yapite kina cha msingi, na msifukie mpaka nije niyaone. Shimo likiwa wazi injinia asoma ukuta wake kama kitabu, hapa udongo wa juu, hapa mchanga, hapa umelegea, hapa umeshikana, hapa pana kipande cha sahani kwa hivo hapa palijazwa.

Kabla ya kuchimba nilifanya na kile cha nyumbani, ambacho hakina gharama. Wachukua chupa ya kioo, watia udongo wa kina cha mkono mzima si ule wa juu wenye mizizi, wajaza maji, watikisa sana, waweka dirishani. Mchanga washuka ndani ya dakika moja mbili, vumbi laini lachukua masaa, na udongo wa mfinyanzi wabaki ukielea mpaka kesho yake. Udongo wetu ulishuka karibu wote papo hapo, maji yakabaki na rangi ya chai ya rangi. Mchanga, basi. Mchanga si adui, lakini ule uliolegea na ule ulioshikana ni vitu viwili tofauti kabisa, kwenye majedwali ya mainjinia uliolegea wahesabiwa kubeba chini ya kilonyutoni 100 kwa mita mraba, yaani kama tani 10, na ulioshikana sawasawa wapita 300. Chupa haikwambii uko wapi kati ya hizo. Chupa yakwambia una nini tu.

Tulichimba Jumamosi. Vibarua wawili, Mjomba mwenyewe, sururu, beleshi, na mtaimbo wake ambao ni mzito na umelainika pale mkono unaposhika. Shimo la kwanza upande wa barabara, nusu mita tu wakagonga mwamba. Mjomba akasimamisha mtaimbo akaupiga wima mara tatu, ngi, ngi, ngi, mlio mkali wapanda mpaka kwenye meno. Akanitazama. Sikusema kitu. Shimo la pili hivohivo, mwamba, ngi, ngi. Kaka yangu alikuwa amekaa chini ya mwarobaini na simu yake na nilijua asema nini moyoni.

La tatu lilikuwa pembe ya nyuma, pale kwenye ramani palipoandikwa jikoni. Jiwe lilikuwa juu kabisa hata halikuhitaji kuchimbwa. Kibarua akasema, bwana fundi, hapa hakuna haja, jiwe hilo laonekana. Mjomba akasema piga tu tumalize. Akapiga yeye mwenyewe. Mlio ukawa mwengine. Si ngi, ilikuwa bu, kama kupiga pipa lililo na maji nusu. Akasita. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, na mtaimbo ukaingia. Haukuvunja jiwe ukasimama, ulizama, ulimponyoka mkononi ukaenda mpaka nusu yake na ukabaki umesimama peke yake umeegemea ukingo wa tundu.

Hakuna aliyesema neno. Mjomba alivua kofia yake, akapiga magoti, akachomoa mtaimbo pole pole, halafu akaweka kiganja juu ya lile tundu. Akaniita. "Weka mkono hapa." Nikaweka. Ilikuwa saa sita mchana, jiwe lachoma, na kwenye tundu mlikuwa mwatoka hewa baridi, yenye harufu ya udongo wa kisimani.

Jiwe lile lilikuwa unene wa sentimita 30 tu. Kama kifuniko cha chungu. Chini yake mchanga uliolegea, na chini ya mchanga, pango ambalo hatukujua limeenda wapi. Na juu yake ndo tungeweka jikoni ya mama, mara ya pili.

Sasa hapo hata kaka hakuuliza tena mifuko ya simiti. Injinia alikuja siku mbili baadaye na kale kachuma kake, ni fimbo ya chuma yenye ncha kama penseli, juu yake kuna nyundo ya kilo 8 yaanguka sentimita 57 na nusu kila mara, wapiga, wasoma rula, wapiga, wasoma rula, wahesabu kila pigo limeingiza milimita ngapi. Ni kazi ya kuchosha lakini ilinipendeza sana kuitazama kwa sababu haina maneno, ni namba tu. Kwenye shimo la nne, la mchanga wa pembeni ulioshikana, kila pigo milimita 8 au 9. Kwenye mchanga wa juu ya lile pango, milimita 40, pigo moja likafika 55. Kibarua mwenyewe aliyekuwa apiga nyundo alisema hapa kama nadunga mkate.

Akatushauri tusifanye kazi yote ya Sh 70,000, manake sehemu yake kubwa ilikuwa vipimo vya maabara ambavyo kwa mwamba wetu havitatusaidia sana. Tuweke pesa kwenye swali letu. Swali letu ni pango laenda wapi. Wakaja na mashine ya kutoboa ya upepo, sauti yake mtaa mzima wajua, wakatoboa matundu 9 mpaka mita 3, na dereva wa mashine asikiliza tu, chuma chaenda taratibu taratibu halafu ghafla chaanguka, hapo ni uwazi. Matatu kati ya 9 yalianguka, yote upande wa nyuma, yaelekea kwenye mwarobaini. Tulilipa Sh 45,000 na tukapata karatasi mbili na mchoro.

Injinia alitupa njia mbili. Ama tuvunje kile kifuniko, tujaze pango zege hafifu na tuweke raft juu, yaani msingi wa slabu moja nzima yenye vyuma inayolala juu ya yote, ama tusogeze nyumba. Tulipiga hesabu ya kujaza, na tatizo la kujaza pango ni kwamba hujui tumbo lake ni kubwa kiasi gani, waweza kumwaga lori na lori, na pango likaomba jengine. Tumesogeza nyumba mita 5 kuelekea barabarani. Tumepoteza uwanja wa mbele, baraza la mama limekuwa jembamba, na aliponung'unika tulimuonyesha kwamba mwarobaini sasa utakuwa nyuma ya jikoni na kivuli chake chote, akakubali.

Kuna mambo mawili mengine yalitoka kwenye yale mashimo ambayo hata sikuwa nimeyauliza, na kwangu peke yake yangetosha kulipa ile kazi. Moja ni choo. Kwenye mwamba wenye nyufa maji machafu hayachujwi kama kwenye udongo, yashika ufa yaenda mbali kwa haraka, kwa hivo ule umbali wa mita 30 kati ya shimo la choo na kisima ambao kila mtu ausema, hapa si wa kuutegemea macho yamefumbwa. Tulikuwa tumeweka shimo la choo pale pale nyuma, juu ya pango, na kisima cha jirani kiko upande huo. Nikifikiria watoto wa yule jirani naona baridi mwilini. Limehamishwa, na litakuwa la kuzibwa lenye kunyonywa. La pili ni chumvi. Injinia alitaka kujua tutachanganya zege kwa maji gani na mchanga gani, manake kisima cha karibu kina chumvi kidogo, na chumvi ikiingia kwenye zege yaanza kula vyuma, vyuma vyashika kutu vyavimba na kupasua zege kutoka ndani. Mwajua zile nguzo za nyumba za ufukweni zinazomeguka na vyuma vyekundu vyaonekana, ndo hiyo. Maji ya msingi na ya slabu tutaleta ya bomba kwa boza. Na mchanga wa pwani hata uwe wa bure hatutii.

Sasa mtu akiniuliza leo, nipime au nisipime? Siwezi kumwambia kila mtu alipe kazi kamili, hiyo si haki, watu wana pesa za kuezeka tu. Lakini mashimo matatu manne, na mtu mwenye elimu hiyo aje ayatazame kabla hayajafukiwa, hilo sioni wa kusamehewa, hata kwa vyumba viwili. Ukijenga ghorofa, au uko karibu na ufuko ambako maji ya chini yapanda bamvua ikija, au uko nyanda za Sabaki, au mahali pamejazwa, hapo lipa kazi yote ya kutoboa na maabara na usimuonee uchungu mtu yeyote wa familia anayepiga hesabu ya simiti. Na ukiweza angalia mashimo yako baada ya mvua za mwaka, yaani masika, si wakati wa kiangazi ambapo kila shimo ni kavu. Na kabla ya hayo yote, kabla hata ya kulipa ploti, tafuta mzee wa mtaa ule umuulize palikuwa nini. Sisi mara ya kwanza hatukuuliza, na jibu lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Lile tundu tumelizungushia miiba na kulifunika kwa mbao ili mtoto asitumbukie. Mama alikuja kuliona wiki iliyopita, akainama akaangusha kijiwe, akasikiliza, akasema "Subhanallah" akarudi kukaa kivulini.

Jana usiku Mjomba amenipigia. Kamba za msingi zaanza kuvutwa Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua, na amesema nisisahau kuja na ule mchoro wa matundu 9, ataka kupima pembe ya kwanza kutoka kwenye tundu lililo karibu, kwa mkono wake.